Mombasa bila gari: mguu, matatu na maji utakayovuka

Anayehamia Mombasa bila gari huuliza kama atatembea au atapanda matatu. Mimi humrudishia swali: utavuka maji gani? Mji wenyewe uko kisiwani, na milango ya kutokea ni michache mno. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, kusini kuna feri ya Likoni, magharibi kuna barabara za Makupa na Kipevu za kuelekea Changamwe. Watu wa ng'ambo wanaofanya kazi mjini hubanana kwenye milango hiyo kila asubuhi, na jioni hubanana tena wakirudi. Ndiyo maana safari ile ile inaweza kuchukua dakika kumi saa nne asubuhi, na saa nzima ikifika saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo nitalinganisha upande kwa upande. Mguu unaoshinda Ndia Kuu ya Mji wa Kale hushindwa vibaya Kibarani, kwenye njia ya Changamwe, na matatu inayokufaa kwenda Bamburi haina maana yoyote kwenda Marikiti, soko la katikati ya mji.

Ndani ya kisiwa

Hapa natetea mguu bila kusitasita. Kutoka Fort Jesus hadi Marikiti ni kama robo saa kwa hatua ya kawaida. Kutoka Marikiti hadi Pembe za Ndovu, yale matao ya Moi Avenue, ni muda kama huo, au zaidi kidogo. Ofisi za Treasury Square, mabenki ya Nkrumah Road, maduka ya leso ya Biashara Street na Posta ya Digo Road, zote ziko ndani ya mduara ambao mtu mzima mwenye afya huuzunguka bila kuchoka. Ukipanda matatu kwa safari kama hizi utaisubiri ijae, itasimama nyuma ya mkokoteni wa maji, kisha itakushukisha mahali ambapo bado una hatua za kumalizia. Umelipa nauli na bado umetembea.

Mji wa Kale hauna hata haja ya kulinganishwa. Vichochoro vyake vingi gari haliingii, na nyumba ndefu zilizosogeleana huzuia jua karibu siku nzima. Ukichoka kuna baraza. Ukipotea, muulize mzee yeyote aliyekaa na kikombe chake cha kahawa: "Shikamoo mzee, njia ya kutokea Fort Jesus ni ipi?" Ataipokea shikamoo kwanza, atakuuliza umetoka kwa nani, kisha atakuelekeza kwa msikiti na kwa duka, na maelekezo hayo ni sahihi kuliko ramani ya simu, kwa kuwa simu nayo hubabaika ndani ya vichochoro vile.

Adui wa anayetembea kisiwani ni jua. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, joto hupita nyuzi 30 na hewa ni nzito kwa unyevu. Shati la ofisini hulowa kabla hujafika mlangoni. Watu wengi hubeba shati la pili kwenye mfuko na hilo si jambo la kuonea haya. Kuna ujuzi wa kivuli pia, nao haugharimu kitu. Digo Road imelala kaskazini kusini, kwa hiyo asubuhi tembea upande wa mashariki, ambako majengo yenyewe yanakuwekea kivuli, na alasiri vuka uende upande wa magharibi. Saa sita mchana hakuna upande wenye nafuu. Kama shughuli inaweza kungoja, ingoje. Kusi ikiingia, mwezi wa Aprili na kuendelea, joto hupungua, lakini huja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa. Maji hutuama barabarani na njia ya miguu hugeuka kidimbwi. Siku hizo matatu hushinda hata kwa safari fupi, ikiwa utapata nafasi ndani.

Njia za miguu zenyewe hazilingani. Moi Avenue ina upana na miti, ni raha kuitembea. Digo Road karibu na Marikiti imejaa wachuuzi, wanunuzi na mizigo, na mara nyingi utajikuta unashuka barabarani penye magari ili upite. Pikipiki nazo hupanda juu ya kabro za njia ya miguu bila kuuliza. Kuvuka barabara kunahitaji subira: usitegemee alama za pundamilia pekee, vuka na kundi, na uangalie tuktuk inayochomoza katikati ya magari mawili yaliyosimama. Hili linaniuma kweli. Mji ambao watu wake wengi hutembea ungestahili kumpa mtembea kwa miguu nafasi kabla ya kumpa gari mahali pa kuegesha.

Safari moja ya kisiwani inafaa kuangaliwa kwa makini, nayo ni Marikiti hadi Ferry, steji iliyo penye feri ya Likoni. Kwa mguu, kupitia Digo Road na Nyerere Avenue, ni kama dakika thelathini na tano. Kwa matatu, saa nne asubuhi, ni kama dakika kumi ikishaondoka stejini. Mchana basi panda. Lakini jioni foleni ya magari yanayosubiri kuvuka hurefuka kurudi mjini, na matatu hukwama nayo. Utaona abiria wanateremka wote kabla ya mwisho na kumalizia kwa miguu. Wazoefu huondoka na miguu tangu mwanzo. Na kama huna haraka, pita Kizingo utokee Mama Ngina: ni mbali zaidi, ila una bahari upande mmoja, mibuyu mikubwa juu yako, upepo usoni na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili njiani. Kwa mtu aliyekaa ofisini siku nzima, mimi naihesabu kuwa njia bora.

Matatu, kama ilivyo

Matatu nyingi za mjini ni zile za viti kumi na vinne. Kanuni zilizoanza kusimamiwa Februari 2004 zilitaka abiria kumi na wanne tu, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni na kifaa cha kudhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Zinavyofuatwa leo hutegemea saa na barabara. Ukiona makanga anakuambia "songa kidogo, mama" na kiti kimeshajaa, una haki ya kungoja nyingine.

Huku kwetu hupandi kwa nambari kama wafanyavyo Nairobi. Unapanda kwa jina la mahali linaloitwa: Bombolulu, Kisauni, Mishomoroni, Mtwapa, Magongo, Mikindani, Ferry. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mgeni ni kujua jina la steji iliyo karibu na anakokwenda; jina la barabara au la jengo halimsaidii. Jambo la pili ni kuuliza nauli kabla ya kupandisha mguu: "Mpaka Bombolulu ngapi?" Nauli haibandikwi ukutani. Ndani ya kisiwa huwa ni makumi ya shilingi, na hupanda saa za jioni, mvua ikinyesha, na siku za kuamkia sikukuu. Lipa kwa pesa ndogo ukiweza, au kwa simu, kwa sababu chenji ya noti kubwa huchelewa mpaka unakaribia kushuka.

Kuna jambo jingine ambalo huwaumiza wageni roho: kuuzwa. Gari likibaki na abiria wachache, dereva akaona haimlipi kufika mwisho, mnahamishiwa matatu nyingine ya njia hiyo hiyo na makanga wa kwanza anamkabidhi wa pili nauli zenu. Usilipe mara mbili. Mwambie makanga mpya papo hapo kwamba umeshalipa na ulikuwa unakwenda wapi, kabla yule wa kwanza hajaondoka.

Ukilinganisha na mguu, basi, udhaifu wa matatu ni kwamba hujui itakuchukua muda gani wala itakugharimu ngapi jioni ya leo. Mguu unajua vyote viwili. Nguvu ya matatu ni umbali, mzigo na mvua.

Upande wa feri

Likoni ni mahali ambapo mguu ni lazima. Matatu za mjini huishia Ferry, na za kusini huanzia ng'ambo, Likoni. Unashuka, unatembea hadi sehemu ya kusubiri, unavuka, unapanda mteremko, unatafuta gari jingine la kwenda Ukunda, Kwale, Msambweni au Lunga Lunga. Habari njema ni kwamba anayevuka kwa miguu halipi, na feri hufanya kazi usiku na mchana. Gari hulipa na hungoja kwenye foleni yake. Huu ndio mlango mmoja wa Mombasa ambapo asiye na gari ana nafuu ya wazi kuliko mwenye gari.

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni kusubiri. Na hapa ndipo penye siri kubwa ya mji mzima: angalia watu wengi wanaelekea wapi, ujipange kwenda kinyume chao. Asubuhi mawimbi ya watu hutoka Likoni kuingia kisiwani, na jioni hurudi. Anayekaa kisiwani na kufanya kazi Likoni au Diani huvuka na feri yenye nafasi, mara zote mbili. Anayekaa Likoni na kufanya kazi mjini hukutana na umati kila siku ya kazi. Umbali ni mmoja, maisha ni mawili tofauti.

Umati huo usiuchukulie kwa wepesi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko kilicho karibu na Likoni, ilizama na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wanavuka kwenda kazini asubuhi. Kuna familia hapa pwani ambazo bado zinaihesabu miaka tangu siku ile. Kwa hiyo askari wakifunga lango na kusema imejaa, simama. Usikimbie kwenye mteremko, hasa maji yakitoka, kwa sababu ndipo mteremko unapokuwa mkali na sakafu yake kuteleza. Mshike mtoto mkono, si begi lake. Mkoba wako uweke mbele ya kifua. Feri inayofuata haiko mbali.

Mwenye ulemavu au mzee anayetumia mkongojo aende mapema na ajionyeshe kwa wafanyakazi wa langoni. Akivuka baina ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, atavuka kwa amani zaidi.

Upande wa Nyali

Daraja la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya daraja lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931. Lina njia ya miguu pembeni na urefu wake ni kama mita 400. Kutoka Buxton, upande wa kisiwani, hadi soko la Kongowea ng'ambo kwa mguu ni kama nusu saa, na asubuhi nusu saa hiyo ni ya kuaminika kuliko matatu. Magari yanayoingia kisiwani hufungana kuanzia Kongowea, na ni jambo la kawaida kuona watu wanateremka pale na kulivuka daraja kwa miguu wakiwa wamevaa nguo za ofisi. Mimi naunga mkono. Ukishavuka, una matatu tele Buxton, au unaendelea zako hadi mjini.

Vikwazo ni viwili. Darajani hakuna kivuli hata kidogo, kwa hiyo saa saba mchana ya mwezi wa Februari usijaribu. Na usiku usipite peke yako. Panda matatu hata kama ni kituo kimoja.

Zaidi ya Kongowea matatu ndiyo njia, na hakuna la kubishana. Bombolulu, Bamburi, Shanzu na Mtwapa zote zimejipanga kando ya barabara moja kuu ya kwenda Malindi, na magari hupita mfululizo tangu alfajiri hadi usiku. Shida ni kwamba ni barabara hiyo hiyo moja kwa wote, na kazi ya kuipanua hadi Mtwapa imeleta michepuko na vumbi kwa miaka. Mtwapa ukiiona kwenye ramani ni karibu. Mtu anayetoka huko kuwahi kazi mjini saa mbili huamka usiku.

Nyali yenyewe, ile mitaa ya ndani yenye kuta ndefu na bustani, huwadanganya wageni. Matatu chache huingia, na kati ya lango na lango pana jua na lami tupu. Huko ndiko tuktuk inakostahili pesa zake.

Upande wa Makupa

Hapa sina maneno mengi. Kutoka Mwembe Tayari kwenda Changamwe, Mikindani, Magongo au Miritini, panda matatu. Daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022 limefungua tena mkondo wa maji, jambo jema kwa bahari, lakini barabara inabaki kuwa ya malori ya bandari: makontena, vumbi, moshi na mwendo mkali. Anayetembea pale ni yule ambaye hana nauli, na nasikitika kwamba tunamwachia nafasi ndogo namna ile.

Uwanja wa ndege wa Moi uko upande huu. Panda gari la Magongo au Port Reitz, kisha malizia kwa bodaboda au tuktuk. Ukiwa na sanduku kubwa, chukua tuktuk kutoka mjini moja kwa moja. Stesheni ya treni ya SGR, iliyoanza kupokea abiria 2017, iko Miritini, mbali na mji. Treni ikifika huwa kuna matatu zinangoja nje. Waliofika kwa treni ya usiku hukuta bado giza; wasiondoke mmoja mmoja kwenda barabarani, wapande pale pale pamoja na wenzao. Wanaokwenda Diani wana barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na kusini bila kugusa feri, na kundi la watu wanne likichangia gari litafika bila kuuona mji kabisa.

Tuktuk na bodaboda

Nazitaja kwa sababu huwezi kulinganisha mguu na matatu bila kuzihesabu. Tuktuk ni ya mzee, ya mgonjwa, ya mama mwenye watoto wawili na mfuko wa mboga. Sakafu yake iko chini na haikulazimishi kuruka huku gari linatembea, kama makanga wengine wanavyotaka. Patana bei kwanza. Mkiwa watatu, mara nyingi kila mmoja atatoa karibu sawa na nauli ya matatu. Bodaboda ni ya haraka na ya hatari. Kama ni lazima, dai kofia, na usipande wawili.

Nani achague nini

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi pale Tudor, kama amepanga Tudor, Majengo au Buxton, atembee. Pesa atakazookoa kwa muhula mmoja ni za vitabu. Mfanyakazi wa hoteli wa zamu ya usiku Bamburi au Shanzu asijaribu kuishi kisiwani kwa ajili ya uzuri wake. Akae kaskazini, karibu na barabara kuu, na amuulize mwajiri kuhusu gari la wafanyakazi kabla ya kusaini. Mama mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye magoti mabovu waongozwe na saa: matatu saa nne hadi saa tisa, tuktuk wakati mwingine wote.

Kwa mgeni wa siku moja, shuka Posta, tembea Mji wa Kale asubuhi, pumzika mchana na madafu, kisha alasiri panda matatu hadi Ferry na uvuke mara moja kwenda na kurudi ili uione bahari kutoka katikati yake. Mwezi wa Ramadhani kumbuka kwamba saa moja kabla ya futari kila mtu yuko barabarani akikimbilia nyumbani. Baada ya tarawehe hali hugeuka, mji hutembea kwa miguu mpaka usiku wa manane, na hapo ni wakati mtamu wa kutoka. Ijumaa adhuhuri mitaa iliyo karibu na misikiti hujaa, kwa hiyo usipange kupita hapo kwa gari.

Na kwa anayetafuta nyumba, ushauri wangu ni mzito kidogo. Watu hulinganisha kodi peke yake: chumba cha Majengo kwa bei hii, nyumba nzima ya Mtwapa kwa bei ile, wakaona Mtwapa ni bure. Jumlisha nauli ya mwezi, kwa bei ya jioni na ya mvua. Jumlisha masaa. Kama kazi iko mjini, chumba kidogo Majengo, Bondeni au Tudor, unakotembea kwenda na kurudi, mara nyingi kitakuachia pesa na usingizi kuliko nyumba kubwa ya ng'ambo. Kama kazi iko Changamwe au bandarini, Mikindani na Magongo zinafaa kuliko kisiwa. Kama iko Likoni, kaa Likoni, au kaa kisiwani uende kinyume na umati. Kinachoumiza ni kuvuka maji pamoja na kila mtu, mara mbili kwa siku, miaka nenda miaka rudi.

Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, ifanye safari yenyewe Jumatatu asubuhi, kwa saa utakayokuwa ukiondoka nyumbani, na uirudie jioni yake. Mwenye nyumba atakuambia ni dakika ishirini. Nenda ukaone ni dakika ishirini za saa ngapi.